Nilivyopima ploti ya miti 22 kwenye kambi ya msitu wa mvua

Kazi yetu ya kambi ilisomeka fupi kwenye karatasi: weka ploti (kipande cha msitu chenye mpaka uliopimwa) ya mita 20 kwa 20, pima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na kuendelea, uupe namba, ujaze fomu. Wanafunzi wanne, siku tano. Miti yenyewe ilikuwa 22. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilikula siku tatu kamili, na karibu nusu ya muda huo ilikwenda kwenye kuamua utepe ukae wapi kwenye shina.

Sababu ya ugumu huo ni hii. Miti mingi ya misitu ya mvua ya tropiki haina pete za mwaka, ile miviringo ndani ya shina, zinazosomeka vizuri, maana hakuna majira ya baridi ya kuisimamisha. Ili kujua mti unakua kiasi gani unaupima leo, unarudi baada ya miaka kadhaa, unapima tena palepale. Kwenye kisiwa cha Barro Colorado, Panama, ploti ya hekta 50 inapimwa hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, takriban kila baada ya miaka mitano, tena kila shina kuanzia sentimita 1. Mti uliofunikwa na kivuli unaweza kuongeza milimita moja au mbili tu kwa mwaka. Ukikosea milimita tano, umekwisha kufuta ukuaji wa miaka kadhaa. Kwa hiyo kila nitakachoeleza hapa kinamlenga mtu ambaye hatutaonana naye, yule atakayekuja kuzungusha utepe wake juu ya mstari wetu.

Tulianza na mraba. Vifaa: utepe wa mita 50, dira, kamba ya kuonyesha mpaka, timazi, na vipande vinne vya bomba la plastiki kwa ajili ya pembe. Plastiki kwa makusudi, kwa sababu chuma kikisogea karibu na dira sindano inakimbia. Panga linafanya hivyohivyo. Upande wetu wa kwanza ulipinda kwa sababu aliyeshika dira alikuwa na panga katika mkono wa pili, na tuligundua tulipofunga mraba na pembe ya mwisho ikakataa kukutana. Kamba ni ya kuonyesha mpaka tu, usiitumie kupimia: inavutika, na ikilowa inabadilika tena.

Pembe mraba tuliipata kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5. Upande mmoja mita 3, wa pili mita 4, na kama kati ya ncha zake ni mita 5 kamili, pembe ni nyuzi 90. Kisha tukahakiki ulalo, yaani kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Kwa mraba wa mita 20 unatakiwa uwe mita 28.28. Sisi tulipata 28.9 upande mmoja na 27.6 upande mwingine, dalili kwamba mraba umelala. Tukang'oa mabomba mawili tukaanza upya.

Halafu kuna mteremko. Mita 20 za ploti ni za usawa, kama zinavyoonekana kwenye ramani, si za kufuata ardhi. Ardhi ikiinama nyuzi 20, inabidi utembee mita 21.28 juu ya mteremko ili upate mita 20 za usawa. Ikiinama nyuzi 30, mita 23.09. (Ni 20 gawanya kwa kosaini ya pembe.) Ila ardhi ya msituni haiinami sawasawa, ina visiki, mashimo na mizizi, kwa hiyo hesabu ya pembe moja ilitupotosha. Kilichofanya kazi ni kupima ngazi kwa ngazi: utepe unashikwa mlalo kwa mita 5 tu, timazi inashushwa kutoka ncha ya utepe hadi ardhini, hapo unachomeka kijiti, unaendelea. Mita 5 ndizo kikomo. Ukivuta zaidi ya hapo utepe unalegea katikati na kukuongezea sentimita ambazo hazipo.

Mstari ukigonga mti mkubwa, usiuzungushe utepe. Toka pembeni kwa pembe mraba, tuseme mita 1, nenda mbele hadi uupite mti, kisha rudi mita 1 ileile. Na usifyeke. Hamu ya kusafisha njia kwa panga ni kubwa, lakini miche inayokatwa leo ndiyo miti ya vipimo vya baadaye, na ploti iliyofyekwa haiwakilishi tena msitu unaoizunguka. Tulipita kwa kupinda matawi na kuyaachia.

Mti uliosimama juu ya mpaka unahesabiwa kama katikati ya shina lake, chini kabisa, iko ndani. Amueni kanuni hiyo kabla ya kuanza. Mkiiamua mbele ya mti, kila mtu ana jibu lake.

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Tulikata fimbo ya urefu huo na kuichonga ncha, kwa sababu sakafu ya msitu ina zulia la majani makavu na fimbo butu hukaa juu yake. Ncha ipenye majani hadi iguse udongo. Kwenye mteremko, simama upande wa juu wa mti. Mti ukiwa umeinama, fimbo inafuata shina kwenye upande ule ulioinamia, na utepe unazungushwa kukata shina kwa pembe mraba, si kwa kufuata usawa wa ardhi. Mti ukigawanyika chini ya mita 1.3, kila shina linapimwa peke yake na kuandikwa kwamba ni la mti mmoja.

Kabla ya kuzungusha, pitisha kiganja kuondoa kuvumwani na njia za mchwa. Kwa kiganja tu, usikwangue gome. Kama kuna mmea wa kamba umejibana kwenye shina, upenyeze utepe chini yake. Kama haupenyi, pima unavyoweza na uandike alama ya tatizo kwenye fomu. Mimea hiyo haikatwi.

Kosa kubwa kuliko yote halimo kwenye mti, limo kwenye utepe. Utepe wa misitu una sura mbili: upande mmoja unasoma mzingo wa shina, upande wa pili umekwisha gawanywa kwa pai (3.14) na unasoma kipenyo moja kwa moja. Ukisoma mzingo ukauandika kama kipenyo, mti wa sentimita 30 unakuwa wa sentimita 94, na kwenye hesabu ya uzito wa mti, nitakayoifikia mwishoni, unazidi mara tisa. Sisi tulibandika plasta ya kidonda juu ya upande wa mzingo tusiuone kabisa. Ambaye ana utepe wa fundi cherehani tu anaweza kufanya kazi nzuri vilevile: mzingo wa sentimita 31.4 ndiyo kipenyo cha 10, yaani mpaka wa mti wa kupimwa. Andika mzingo, gawanya baadaye, na kichwa cha safu kiseme wazi ni mzingo.

Mti namba 14 ulituweka saa moja na nusu. Una ile mizizi iliyotanuka kama mbao pande zote za shina, na mbao hizo zinapanda hadi mita 2.9. Ukipima mita 1.3, utepe unapita juu ya ncha za mbao na kuhesabu hewa iliyo katikati yake. Kanuni tuliyopewa ni kupanda hadi sentimita 50 juu ya mahali mizizi inapoishia, kwa hiyo mita 3.4. Ngazi iliegemezwa kwenye shina, wawili wakaishika miguu, mmoja akapanda. Mikono yake haikutosha kuzungusha, hivyo wa nne alisukuma utepe kwa nyuma akitumia kijiti chenye panda, naye akaupokea upande wa pili. Kisha mmoja akarudi nyuma hatua kumi kuangalia kama utepe umelala sawa pande zote, maana aliye juu ya ngazi hawezi kuliona hilo. Tukapiga mstari wa rangi, tukaandika kimo cha kipimo, 3.4, kwenye safu yake. Bila namba hiyo atakayerudi atapima mita 1.3 na kudhani mti umenenepa kama pipa.

Kibao cha alumini chenye namba hupigiliwa sentimita 30 juu ya mstari wa kipimo, si kwenye mstari wenyewe, kwa sababu shina huvimba kuzunguka msumari. Msumari uelekee chini kidogo ili kibao kiteleze mbali na gome, na nusu yake ibaki nje. Ukiuzamisha wote, mti utakimeza kibao.

Kimo kilinisumbua kuliko kipenyo, na bado sikiamini sana. Tulitumia kipimapembe cha shule, uzi na nati kama uzito. Unasimama mita 20 kutoka shinani, unasoma pembe hadi kileleni na pembe hadi kitakoni, kisha mita 20 mara jumla ya tanjenti zake. Nyuzi 48 juu na nyuzi 5 chini zinatoa mita 24 hivi. Shida ni kukiona kilele. Ukisimama karibu, unachokiona ni ukingo wa chini wa majani, na matawi ya jirani yameingiliana nayo. Tulipima kila mti kutoka pande mbili; majibu yakipishana zaidi ya mita 3 tulirudia. Miti mitano tuliiandika kwamba kilele hakikuonekana, na hilo ni jibu halali kuliko kubahatisha.

Fomu ilijazwa kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka, na karatasi ya kawaida inageuka uji kabla ya saa sita mchana kwa jasho peke yake. Kama hamna karatasi isiyolowa, weka fomu ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu na uandike mkono ukiwa ndani. Skrini ya simu haisikii kidole chenye maji, kwa hiyo simu ilibaki ya kupiga picha fomu kila jioni. Mwandishi hurudia kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego: mvua ikipiga majani, "sita" na "tisa" ni neno moja. Siku ya pili tulikubaliana tisa iitwe "kumi kasoro moja", tukacheka, lakini makosa yaliisha. Na kisanduku kisiachwe tupu: weka mstari kama kipimo hakikuchukuliwa, la sivyo hakuna atakayejua kama mlisahau.

Tulianza saa moja asubuhi na kufunga saa nane, kwa kuwa mvua ilipenda mchana. Nguo ni jozi mbili: ya kazi, ambayo ukishalowa inabaki imelowa hadi siku ya mwisho, na ya kulalia, ambayo haitoki hemani kwa sababu yoyote. Kuvaa suruali baridi iliyolowa alfajiri kunakera, lakini ukiigusa ile kavu, usiku huna kitu. Suruali iingie ndani ya soksi, kwa ajili ya ruba au siafu, kutegemea msitu uko wapi. Kitu cha kuogopa zaidi kiko juu: matawi makavu. Kabla ya kuweka hema au kukaa kula tulitazama juu kwanza, na upepo ulipoanza tuliacha kazi tukatoka chini ya mti mfu uliokuwa karibu na pembe ya kaskazini.

Hesabu tulizifanya jioni, kwa fomula ya kukadiria uzito wa mti ya mtafiti Chave na wenzake ya 2014: chukua uzito wa mbao kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, zidisha kwa kipenyo mraba (sentimita) na kwa kimo (mita), pandisha jibu kwa kipeo cha 0.976, kisha zidisha kwa 0.0673. Unapata uzito mkavu wa mti juu ya ardhi kwa kilo. Mti wa kipenyo 40, kimo 25 na mbao ya 0.6 unatoa kilo 1,268 hivi, na kidogo chini ya nusu yake ni kaboni. Mti huohuo utepe ukizungushwa kwenye mizizi yake iliyotanuka ikasomeka 60, uzito unazidi mara mbili. Ndiyo maana ile saa moja na nusu ya namba 14 siihesabu hasara.

Siku ya nne jozi nyingine ilipima upya miti mitatu bila kuona fomu yetu. Miwili ilipishana kwa milimita moja. Wa tatu, namba 9, ulipishana kwa milimita tisa. Tulirudi wote kwenye shina: utepe wetu ulikuwa umeshuka kwa nyuma, upande ambao mpimaji hakuuona. Tukapima tena, mmoja akiwa nyuma ya mti, tukakata namba ya zamani kwa mstari mmoja ili isomeke bado, tukaandika mpya pembeni pamoja na tarehe. Kisha tukakusanya kamba na vijiti, tukaacha mabomba manne ya pembe.