Kadi za Mwalimu Septima

Kwenye semina ile ya walimu wa kisomo cha watu wazima, mkufunzi wetu alianza kwa kuchana boksi. Alikata kipande kwa kila mmoja, akaandika juu yake jina la mwenyewe kwa herufi za kuunganisha, kisha akatutaka tulifuatishe kwa penseli, kwa mkono tusioutumia. Herufi ziliyumba, ncha zikakatika, vidole vikauma hata kabla jina halijaisha. Ndipo akatueleza njia hiyo imetoka wapi, na asubuhi yote iliyobaki ikawa ya Septima Clark.

Alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1898, binti wa baba aliyezaliwa utumwani. Mwaka 1916 alikwenda kufundisha kisiwa cha Johns, kwa kuwa shule za umma za Charleston hazikuajiri walimu weusi. Walimu wawili, watoto 132. Ng'ambo ya barabara, shule ya wazungu ilikuwa na watoto watatu, na mwalimu wao alilipwa dola 85 kwa mwezi. Septima, mwalimu mkuu, dola 35. Mwaka 1956 jimbo likapiga marufuku watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama kilichopigania haki za watu weusi. Alikataa kuficha uanachama wake, akafukuzwa baada ya miaka 40 ya kazi, na pensheni ikaenda nayo. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia: angenyamaza tu, asingepoteza kitu.

Lakini mkufunzi alitaka tufike Januari 1957, siku Shule ya Uraia ya kwanza ilipofunguliwa kisiwani Johns. Kule, asiyekuwa na mali ya thamani ya dola 300 hakuandikishwa kupiga kura mpaka asome kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani. Esau Jenkins, mkazi wa kisiwa hicho, na wenzake walinunua jengo kwa mkopo kutoka Highlander, chuo cha Tennessee alikofanya kazi Septima. Mbele wakaweka duka la vyakula ili wazungu wasishtuke. Darasa likawa nyuma.

Mwalimu aliyechaguliwa alikuwa Bernice Robinson, binamu yake Septima, msusi na mshonaji. Hakusomea ualimu, na ndiyo sababu alifaa. Wateja wake walikuwa weusi wenzake, kwa hiyo hakuna mzungu wa kumfukuza kazi; tena asingewafundisha watu wazima kama watoto. Vitabu vya watoto alivyokuja navyo aliviweka kando usiku wa kwanza, akawauliza wanafunzi wake 14 wanataka nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu za kuagiza vitu na za kutuma pesa kwa posta. Basi hayo ndiyo yakawa masomo.

Jina lilianza kwenye kadi. Mwanafunzi alifuatisha mistari tena na tena mpaka mkono uzoee umbo, ndipo akanakili kwenye karatasi, mwisho akaandika bila kutazama. Mikono iliyozoea plau huibana penseli mno, ikakatika. Dawa yake ni kumpa nyingine bila maneno, maana akiona aibu harudi. Walisoma usiku mara mbili kwa wiki, saa mbili kila kipindi, miezi ya baridi tu, mashamba yakiwa yamelala. Waliokwenda kujiandikisha wakapata vyeti vyao vya kupigia kura.

Kuanzia 1961 shule hizo zilikuwa chini ya SCLC, chama cha Martin Luther King. Septima na wenzake Dorothy Cotton na Andrew Young waliwafunza walimu wapya katika kituo cha Dorchester, Georgia. Hawakudai vyeti vya chuo. Kabla ya chakula cha mchana mkufunzi alitupima kwa kipimo chao kilekile: kusoma kwa sauti bila kukwama, na kuandika ubaoni maandishi anayoweza kuyasoma aliyekaa nyuma kabisa.