Waliohudhuria

Ukatibu wa kikao cha ukoo nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na baba tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia kwenye kibanja chetu, wilayani Muleba. Siku ya kuanua matanga baba mkubwa akaniita, akanikabidhi kaunta buku jipya, akasema, "Koku, njoo utuandikie. Hawa kaka zako wakiandika utadhani kuku wamepita kwenye tope." Ilikuwa Julai 2001, kahawa imepamba moto. Maganda, yaani kahawa inayokaushwa bila kumenywa, yalikuwa yameanikwa ua mzima, wazee wakawa wanainua kanzu na kuyaruka ili wafike bandani.

Kwa asiyeijua Kagera, kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Humo ndimo chakula kinamotoka, humo ndimo ada ya shule inamotoka, humo ndimo watu wanamozikwa. Akifa mwenye nyumba, ukoo lazima ukae. Na miaka ile koo zilikuwa zinakaa kila mara. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na hadi mimi napata akili, wajane walikuwa wamejaa vijijini. Niliona mama mmoja wa jirani akiondoka kwa mumewe na godoro na cherehani. Cherehani ilifuatwa njiani, ikarudishwa, kwa hoja kwamba ilinunuliwa na marehemu.

Kwa hiyo nilijua nilichokwenda kuandika.

Nikapiga mstari chini ya kichwa cha habari, nikaandika "Waliohudhuria". Baba mkubwa akawa anataja majina kwa kufuata umri. Wanaume wote walikuwa bandani. Wanawake walikuwa jikoni wanamenya ndizi, na mama alikuwa ndani, amekaa mkekani tangu siku ya mazishi. Majina yalipokwisha nikauliza, "Baba, na mama nimwandike?"

"Mama yako si wa ukoo huu."

Hilo kwa mila ni kweli kabisa. Mama alizaliwa ukoo mwingine, na miaka yote aliyolala katika nyumba ile haikumhamisha. Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe ni katibu."

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, maana baba mkubwa alikuwa mcheshi na nilikuwa nampenda. Bado nampenda. Watu wakisikia habari hizi hutaka awe mtu mbaya, nami sina mtu mbaya wa kuwapa.

Maamuzi hayakuchukua muda. Kibanja kitakuwa cha mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi na moja. Mpaka akue, kitashikwa na baba mdogo. Hapo hata wazee wenyewe walitazamana, kwa sababu baba mdogo alijulikana kata nzima kwa butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha leo. Mama "atabaki kulea watoto ikiwa ataendelea kuwa na adabu". Niliandika neno kwa neno, pamoja na hilo la adabu. Sisi mabinti hatukuwa ajenda. Ilisemwa tu kwamba tutakuwa na kwetu.

Baadaye, nikiwa chuoni, nilikuja kuona kwamba wazee wale hawakuwa wamejitungia. Yote yalikuwa yamechapwa na serikali. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila mengi na kuzifanya sheria, linasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Binti anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake yote, asiiuze. Miaka miwili baada ya uhuru, haya.

Aliyevunja kikao ni shangazi. Aliingia na birika la kahawa, akamimina vikombe, kisha hakutoka. Yeye alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume miaka mingi nyuma, akapewa kipande cha pembeni mwa kibanja, migomba kadhaa na mibuni mizee. Ale, asiuze. Akasimama na birika lake mkononi, akasema, "Kaka, mmemsahau Holaria?"

Bandani hapakuwa na mtu asiyemjua Holaria. Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake, akazeeka hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, ndugu wa ukoo wake, akamshitaki, na Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe ikaubatilisha uuzaji ule: mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Wilaya ya Bukoba ikalitengua hilo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu kule Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema kwamba haki za binadamu zimeshaingizwa kwenye Katiba, zinakataza ubaguzi, kwa hiyo mila itasomeka kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume anavyoweza. Muhutwe si mbali na kwetu. Habari ile ilikuwa imejadiliwa kwenye kila kilabu cha lubisi.

"Holaria alikuwa na wosia wa baba yake," baba mkubwa akajibu. "Marehemu wetu ameacha wosia?"

Hakuwa ameacha. Shangazi akanyamaza, na nakiri jibu lile lilikuwa la mtu anayejua anachosema. Kama mambo yangeishia kwenye hoja, tungekuwa tumeshindwa hapo hapo.

Kilichotuokoa ni nauli. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekaa kama shahidi na ambaye muda wote alikuwa akisinzia, akakohoa. "Mzee, mimi na mila sibishani," akasema. "Lakini muhtasari huu mnaupeleka wapi?"

"Mahakama ya Mwanzo. Ili msimamizi ateuliwe."

"Basi hakimu ataanza kusoma hapo juu. Marehemu alikuwa na mke wa ndoa ya kanisani. Jina lake halimo. Atauliza, mjane yuko wapi? Faili litarudishwa. Mtaitwa tena, na mashahidi wenu, na nauli ya kila mmoja. Na juzi kwenye semina tumeambiwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile namba 5 ya 1999, imeshaanza kazi. Mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Wameiandika hivyo, batili. Mimi nawaambia tu nilichosomewa."

Baba mkubwa akaomba kaunta buku. Akalisoma taratibu, kidole kikifuata majina. "Hujaacha nafasi," akaniambia, kwa sauti ya kunilaumu, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga orodha. Nikachana karatasi, nikaanza upya. Mama akaitwa.

Alikuja na daftari lake la kilo. Kadi ya chama cha msingi ilikuwa na jina la baba, na fedha za kahawa zilikuwa zikilipwa kwa jina la baba, lakini aliyechuma, akaanika na kupeleka gunia kwenye mzani alikuwa mama, na kila mzani aliuandika. Nilitegemea aseme neno zito. Hakuzungumzia haki wala sheria. Alilifungua daftari magotini, akasema, "Shemeji, Januari ada za watoto wanne zinatakiwa. Atakayeshika kibanja ndiye atakayelipa. Naomba anyooshe mkono ili Koku amwandike."

Baba mdogo alikuwa akiangalia nje, kwenye maganda.

Nikaandika: wasimamizi wa mirathi ni wawili, mjane na kaka wa marehemu. Kibanja hakitauzwa, na kahawa haitawekewa butura, bila saini ya mjane. Sisi mabinti tukapata kipande huko rweya, kwenye nyasi na mawe, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupataka. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele, na mama mwenyewe jioni ile alinikasirikia: angelipenda yaishe bila mabishano, maana yeye ndiye atakayebaki kuishi na watu hawa, mimi naondoka. Alikuwa sahihi. Kuna mashemeji ambao hawakumsalimia mpaka Krismasi.

Nawajua watu wa semina wanaopenda kusema sheria imefika kijijini. Kwetu ilifika imebebwa na mtu aliyesinzia, na ikasikilizwa kwa sababu ya gharama za kwenda mahakamani mara mbili. Hata baada ya hapo, mwaka 2006, Mahakama Kuu ilikataa kuifuta ile mila ya 1963 katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga. Walikwenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ikawapa haki mwaka 2015. Mama yangu wakati huo alikuwa amekwisha kuzeeka kwenye kibanja chake, kwa nguvu ya karatasi ya kaunta buku.

Nilipofika kwenye "Mengineyo", shangazi alikuwa bado amesimama. "Na changu?" akauliza. Baba mkubwa akasema hilo litangojea kikao kijacho, akaniamuru niandike "kikao kilifungwa kwa sala".

Kikao kijacho hakikuitishwa. Mwaka uliofuata shangazi alikwenda mwenyewe kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kati ya wajumbe wake saba, lazima wanawake wasipungue watatu, na mmoja wao alikuwa mwenzake wa kwaya. Kaka zake wakakubali kumwandikia kipande chake, na mipaka ikapandwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kung'oa mibuni yote ya ukoo na kupanda vanila, iliyokuwa imewatia watu wazimu miaka ile kwa bei yake. Asubuhi alikuwa akichavusha ua moja moja kwa kijiti, amevaa miwani ya kusomea. Baba mkubwa alimkataza, akamwambia vanila ni mchezo wa kamari. Mzigo wake wa kwanza ulipokomaa bei ilikuwa imeanguka vibaya, akapata fedha ya sabuni. "Nimekula hasara," alikuwa akiwaambia wapita njia, hata wasiomuuliza, "lakini hasara yangu mwenyewe."