Siku Mbili Kando ya Mto Isábena

Dereva wa basi la kutoka Barbastro alinisaidia kuitoa baiskeli kwenye buti, akapangusa vumbi la kiti kwa kiganja, kisha akaniuliza naelekea wapi. Nilipomtajia kijiji cha Roda alinyoosha kidole kaskazini, upande wa milima, akasema, "Huko utakuwa peke yako." Aliyasema kwa sauti ya kunipa pole. Nami nilikuwa nimetoka Barcelona, mji ninaofanyia kazi, kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka barabara ambayo ningeweza kuusikia mnyororo wa baiskeli yangu.

Nililala Graus, nikaondoka jua lilipochomoza. Mji huu mdogo wa mkoa wa Huesca, kaskazini mwa Hispania, umekaa pale mto Isábena unapomwagika katika mto Ésera. Barabara A-1605 inaanzia hapo na kufuatana na Isábena kuelekea milima ya Pyrenees. Ni lami nzuri, nyembamba. Ilikuwa mwezi wa Mei: shayiri bado ya kijani, maua mekundu ya porini yakiwa yametapakaa ndani yake, milozi ikiwa na matunda machanga yenye manyoya kama ya kitoto cha paka. Capella ilinitokea mapema, na daraja lake la mawe la enzi za kati, lililoinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Nilivuka kwa miguu, naisukuma baiskeli. Chini yake maji yalikuwa haba, yakipita baina ya kokoto nyeupe.

Toka hapo hadi njia panda ya Roda nilihesabu magari 11 na trekta moja.

Nilikulia Kahama, ambako baiskeli hubeba kila kitu, magunia ya mkaa, madumu ya maji, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Lakini kwenye barabara kuu ya kwetu, basi likikupigia honi kwa nyuma, unashuka kwenye changarawe upesi. Mwili umelishika somo hilo. Nikisikia injini nyuma yangu, mabega hukaza yenyewe. Sheria ya Hispania inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi isiyopungua mita 1.5. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma, ila mabega hayakuwa yamesoma. Mbele kidogo ya Laguarres, mahali penye kona nyingi, lori dogo la kubeba kondoo lilikuja nyuma yangu likabaki pale pale. Halikupiga honi. Tulikwenda hivyo karibu nusu kilomita, harufu ya kondoo ikinifikia, mpaka barabara ilipofunguka. Ndipo likahamia upande wa pili kabisa, likapita taratibu, na dereva akanyanyua vidole viwili kwenye usukani kunisalimu. Tangu hapo mabega yalilegea, na masikio yakafunguka.

Mtu akiacha kusikiliza hatari, husikia vitu vingi. Niliyasikia maji kabla ya kuyaona. Nilisikia kengele za mifugo toka ng'ambo ya bonde bila kumwona mnyama hata mmoja. Hudihudi aliita mara tatu tatu kutoka kwenye mti wa jozi, kisha akaruka mbele yangu na mabawa yake ya mistari, akatua, akanisubiri, akaruka tena. Juu kabisa tumbusi walizunguka bila kupiga bawa.

Kulia na kushoto vilima vilianza kuwa vya kijivu, vimechanikachanika kwa makorongo, bila jani. Mwamba wake ni laini, mchanganyiko wa chokaa na udongo wa mfinyanzi. Baridi ya usiku huupasua, mvua huuyeyusha, na mto hubeba uji huo mpaka bwawa la Barasona, kusini kidogo ya Graus. Bwawa lilijengwa 1932, na kijiji cha Barasona kikazama ndani yake. Jina lake rasmi ni la Joaquín Costa, mwanasheria na mwandishi aliyefariki Graus mwaka 1911, yule aliyehubiri maisha yake yote kwamba Hispania inahitaji shule na ghala la chakula, na kwamba maji yapelekwe kwenye mashamba makavu. Maji ya hapa hulisha mfereji wa Aragón na Cataluña, uliofunguliwa 1906, ambao leo humwagilia karibu hekta laki moja. Na vilima hivi vya kijivu vinalijaza bwawa tope mwaka baada ya mwaka. Nilisimama nikaokota bonge kando ya barabara. Lilionekana jiwe. Nililibana kwa vidole viwili likavunjika unga.

Roda de Isábena iko juu ya kilima, zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na Graus ni kama 470, kwa hiyo hesabu unaijua mapema. Kipande cha mwisho nilikipanda kwa giya nyepesi kuliko zote, nikiangalia mita mbili za lami mbele ya tairi na si zaidi. Kijiji kina wakazi wasiofika 50, lakini kina kanisa kuu la askofu. Wahispania husema hakuna mahali padogo kuliko hapa nchini mwao penye kanisa kuu. Miaka elfu moja iliyopita Roda ilikuwa mpakani, ikitazamana na Graus iliyokuwa mikononi mwa Waislamu. Mfalme Ramiro wa Kwanza wa Aragón aliuawa mwaka 1063 akiuzingira mji ule. Mpaka uliposogea kusini, kiti cha askofu nacho kikahama, kikaenda mji wa Lleida mwaka 1149. Roda ikabaki na jengo.

Mama aliyetufungulia mlango alikuwa na funguo kubwa kama za ghala. Tulikuwa watu watatu. Alituonyesha kaburi la mawe la San Ramón, askofu aliyefariki 1126, na kutusimulia habari za mwaka 1979, wezi walipoingia usiku na kuondoka na kiti chake cha mbao cha kukunja, wakakikatakata. Vilivyorudi ni vipande tu. Alieleza kama mtu anayesimulia wizi wa nyumbani kwake.

Kilichonishika ni ua wa ndani wenye matao. Kuta na matao yamechorwa maandishi ya Kilatini, jiwe baada ya jiwe, kila moja likiwa na jina la marehemu na siku aliyokufa, ili siku hiyo ikifika aombewe. Yako zaidi ya 150. Niliweka kidole kwenye herufi moja. Mchongo wake ulikuwa bado na ncha kali. Nikawaza kwamba ukutani hapa kuna watu wengi kuliko kijijini kote.

Chakula cha usiku kilikuwa tortilla, ile ya mayai na viazi, ndugu wa damu wa chipsi mayai, pamoja na zeituni. Mhudumu akiniandalia alitaja mesa na aceituna, na mimi nikasikia meza na zeituni. Meza tuliletewa na Wareno, zeituni ni Kiarabu kwao na kwetu. Mkuu wa kijiji wanamwita alcalde, neno lililotoka kwenye kadhi. Mpaka ulihama, maneno yakabaki.

Usiku ule radi ilipiga mfululizo na mvua ikamwagika kweli kweli.

Asubuhi niliposhuka bondeni, Isábena haikuwa mto wa jana. Ilikuwa ya kijivu, nzito, inapita kimya kimya kama saruji. Niliendelea kupanda, nikapita La Puebla de Roda, nikapita Serraduy, na kila kilomita chache maji yalizidi kung'aa, kwa kuwa nilikuwa naviacha nyuma vilima laini na kuingia kwenye miamba ya chokaa. Obarra yalikuwa maangavu kabisa. Pale kuna kanisa la Santa María, lililojengwa karne ya 11 kwa mtindo wa mafundi wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, na safu za matao madogo yaliyochongwa chini ya paa. Limekaa peke yake kando ya mto, chini ya jabali kubwa. Nilijaza chupa, nikaingia kwenye mlango wa miamba unaofuata, ambako barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na mto unanguruma chini. Gari halikupita hata moja. Niliimba kwa sauti na miamba ikanirudishia. Juu zaidi kuna njia ya kuvuka kwenda mabonde mengine, lakini miguu ilikuwa imetosheka, nikageuza.

Kushuka ni raha ambayo mpandaji peke yake huijua. Ilidumu mpaka Serraduy, ambapo tairi la nyuma lilianza kuyumba. Pancha. Tyubu ya akiba niliyouziwa dukani mjini ilikuwa ya saizi nyingine, sikuwa nimeikagua. Nikabaki na viraka na solusheni, ila tundu silioni.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la mawe, fimbo katikati ya magoti. Nilimsemesha kwa usted, namna wanavyomheshimu mtu mzima. Hakunijibu, aliinuka, akaingia ndani, akarudi na beseni la maji. Nilisikia kitu moyoni. Ndivyo mafundi wote wa Kahama wanavyofanya. Tukaizungusha tyubu majini, yeye ameshika upande mmoja na mimi mwingine, hadi viputo vidogo vikapanda mfululizo kama ushanga. "Hapo," akasema, akaziba kwa kidole gumba, na hakukiondoa mpaka nilipomaliza kutafuta msasa.

Tukingoja solusheni ikauke nilimwambia nimelipenda bonde lao kwa utulivu wake.

"Mwanangu," akasema, "utulivu huu sisi hatukuwa nao. Tulikuwa na kelele. Watoto, nyumbu, wanawake mtoni." Akaniorodheshea nyumba kwa fimbo, moja moja, na walikokwenda wenyewe: Monzón, Lleida, na wengi zaidi Barcelona, viwandani. Akaniuliza mimi naishi wapi.

"Barcelona, mzee."

"Basi unakaa na watu wetu."

Sikuwa na la kumjibu. Nilibandika kiraka, tukakibana pamoja juu ya benchi, nikajaza upepo. Alilibonyeza tairi mwenyewe kabla ya kuniruhusu kuondoka. Nilipogeuka kwenye kona bado alikuwa amesimama, beseni mkononi.

Nilishuka polepole kuliko nilivyopanda. Mapaa niliyokuwa nimeyapita jana nikiyaona mandhari, sasa niliyatazama kama yanatoa moshi au la. Mawili yalitoa.

Capella niliegemeza baiskeli kwenye daraja, nikateremka hadi ukingoni nikachovya mkono. Nilipoutoa, tope laini lilikuwa limebaki kwenye mistari ya kiganja, la kijivu, lile lile la jana. Lilikuwa linaelekea bwawani. Nilinawa kwa maji ya chupa, yale ya Obarra, nikapanda tena juu na kulibonyeza tairi la nyuma. Lilikuwa bado gumu.