Tulivyohesabiana mwaka wa korona

Shosho yangu alikuwa hataki kabisa mtu ahesabu watoto wake. Ukimuuliza ni wangapi anakwambia ni hao unaona hapo. Nilipoingia dini ya Kiyahudi nikiwa mtu mzima nikakuta na huku watu hawahesabiwi kwa namba, na hiyo kitu ilinifanya nijisikie nyumbani kuliko mafundisho mengi niliyopewa. Ili ibada ya pamoja iwe kamili tunahitaji wanaume kumi kuanzia miaka 13, tunaita minyani, na kuangalia kama wametimia tunatumia Zaburi 28:9 kwa Kiebrania, ina maneno kumi, kila mtu anawekewa neno lake, Hoshia, et, amecha, hivyo hivyo mpaka haolam. Ukifika haolam mnaanza.

Sisi hapa Nakuru ni familia chache, zingine Lanet, zingine Bahati, zingine huko Njoro, na wiki nzuri tulikuwa tunafika haolam barabara bila mtu wa ziada. Mimi ni mwanamke kwa hivyo kwa desturi yetu sihesabiki kwa hao kumi, lakini listi ya simu za watu ndio ilikuwa kwangu, na mwaka huo hiyo listi ilikuwa kila kitu.

Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa Ijumaa, 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, Ijumaa tena, 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. Sasa si unajua huku karibu na ikweta jua linazama karibu wakati ule ule mwaka mzima, saa kumi na mbili na nusu hivi, likichelewa sana ni saa moja kasoro, kwa hivyo Shabati, siku yetu ya mapumziko inayoanza Ijumaa jua likizama, na kafyu zikawa zinaingia nyumbani pamoja. Na Shabati ikishaingia hatushiki simu, hatuwashi stima, hakuna kupiga wala kupokea mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi jioni. Majirani wetu makanisa yao yalihamia Facebook na Zoom, wakawa angalau wanaona pasta wao, na sisi siku yetu kubwa ya kukutana ndio siku simu imezimwa iko kwa droo.

Kuna Wayahudi Marekani, wa upande wa Conservative, waliruhusu mambo ya vidio kwa sababu ya dharura. Israeli nako marabi fulani, yaani walimu wa dini, wenye asili ya Moroko walisema mzee aliye peke yake anaweza kuwekewa Zoom usiku wa Pasaka ya Kiyahudi bora iwashwe kabla sikukuu iingie, na marabi wakuu wakakataa. Siwalaumu wale walioruhusu hata kidogo, ju nimeona mtu mzee akila sikukuu peke yake na nimelia. Lakini sisi tulishika ya zamani, tukabaki na lisaa limoja, Ijumaa saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili.

Ilikuwa hivi. Nyumba ya kwanza inapigia ya pili, ya pili inapigia ya tatu, ya mwisho inanipigia mimi. Simu ya kawaida tu, ju bando ni pesa na wazee wetu wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Unamuuliza mtu amekula nini, ako na dawa, mishumaa iko, unamwambia Shabat shalom unakata. Asiposhika mara tatu jirani anatumwa. Kuna Ijumaa mnyororo ulikatika Njoro, stima ilikuwa imepotea siku mbili na simu ya mzee ikaisha chaji, tukatuma mtu wa boda na jua limebaki kidogo tu, akampata ameketi nje ya mlango amevaa koti lake la Shabati anangoja. Alikuwa anajua lazima mtu atakuja.

Pasaka ya 2020 ilikuwa iingie Jumatano jioni, 8 Aprili. Jumatatu tarehe 6 Nairobi ikafungwa, na matsa zetu, ile mikate isiyo na chachu tunayokula Pasaka, zilikuwa huko. Basi tukapika wenyewe. Maji yanatekwa jioni yanalala usiku mzima, na kutoka maji yaguse unga mpaka mkate uive zisipite dakika 18, ju baada ya hapo unga unaanza kuumuka. Tulichoma pan za chapati kwa makaa mpaka zikawa nyekundu, ndio kuzisafisha kwa Pasaka, alafu Jumatano alasiri simu zikawekwa spika na nyumba zote zikamwaga maji wakati mmoja. Watoto ndio walikuwa wanaangalia saa. Unasikia mtoto wa Bahati anapiga kelele "mama zimebaki nne!" na wewe Lanet mikono inatetemeka. Zilitoka ngumu, zingine zimeungua upande mmoja, na sijawahi kula matsa tamu kama hizo.

Julai serikali ikafungua nyumba za ibada, watu wasizidi 100, lisaa limoja, na wasiwe chini ya miaka 13 wala zaidi ya 58. Hiyo ya 13 ilikuwa sawa kabisa na ya kwetu. Ile 58 ndio ilituumiza, ilitoa wazee watatu, tukabaki saba.

Agosti mmoja wa hao wazee akafa, haikuwa korona, ni moyo. Mazishini watu 15 tu, tukamzika haraka vile tunazikanga. Mwanawe anapaswa kusema Kadishi, sala ya waliofiwa, kwa miezi kumi na moja na Kadishi haisemwi bila watu kumi, inahitaji watu wa kuitikia amen. Kila jioni akawa ananipigia anasoma Zaburi, mimi nasikiliza. Saa zingine alikuwa ananyamaza katikati na mimi nanyamaza pia mpaka aendelee.

Machi 2021 tulikuwa tumeanza kupanga, wazee wanaenda chanjo, kijana wetu mmoja alikuwa ametimiza 13. Alafu Ijumaa ya tarehe 26 Rais Uhuru akafunga kaunti tano na Nakuru ikiwa ndani, ibada za kukutana zikasimamishwa, kafyu saa mbili usiku. Pasaka ilikuwa kesho yake. Habari ikapita kwa mnyororo nyumba kwa nyumba, na nikasikia vile sauti zilikuwa zinashuka.

Mei vikwazo hivyo vikalegezwa. Shabati iliyofuata tukakutana, madirisha yote wazi, barakoa, viti mbali mbali. Mzee wa Njoro akaanza kupita kwa watu, Hoshia, et, amecha, polepole sana. Haolam ikamwangukia huyo kijana. Mwana wa marehemu akasimama akafungua kitabu, na maneno ya Kadishi anayajua yote kwa kichwa.