Nilivyoufufua mnyororo wa msumeno uliogonga waya

Waya wa uzio ulikuwa umemezwa na shina, kwa nje huoni hata alama. Meno ya msumeno wangu wa injini yalipoufikia, vipande vya mbao vilikoma, ukawa unatoka unga mtupu, na msumeno ukaanza kupinda kulia. Meno ya kushoto ndiyo yaliyoumia zaidi.

Nilizima injini, nikachomoa kofia ya plagi, nikavaa glavu na kukagua mnyororo kiungo kwa kiungo. Jino moja lilikuwa limevunjika kabisa na kiungo cha pembeni kimepata ufa karibu na ribiti, ile pini inayoshikanisha viungo. Ufa wa namna hiyo sikubali kuuacha hata uwe mdogo kiasi gani, kwa sababu mnyororo ukikatika kwa kasi unaweza kumrukia mtu. Nilizisukuma nje ribiti kwa kifaa chake, nikaweka kiungo kipya na jino jipya la kushoto, maana meno hupishana kushoto na kulia. Ribiti nilizigonga hadi zikashika, lakini viungo vikaendelea kujikunja bila kukaza.

Kazi kubwa ni tupa. Mnyororo wangu ni wa inchi 0.325, yaani nusu ya umbali wa ribiti tatu zinazofuatana, kwa hiyo nilitumia tupa ya duara ya milimita 4.8, nikifuata pembe ya digrii 30, nikisukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje tu, bila kuivuta nyuma ikigusa chuma. Nilitafuta jino fupi kuliko yote, kisha yote mengine, hata lile jipya, nikayashusha yalingane nalo. Inauma kulila jino jipya hivyo, lakini likibaki refu litabeba kazi peke yake. Mwisho nilishusha kwa tupa bapa vile vinundu vilivyo mbele ya meno, vinavyozuia jino lisizame sana kwenye mti, vikawa chini ya ncha kwa milimita 0.65. Wengi huvisahau, halafu hushangaa kwa nini jino kali halili mti.

Vipande vikubwa vikarudi, na msumeno ukakata wima.

Mnyororo huo niliutumia hadi meno yakafika alama ya mwisho ya kunolewa. Nilipokwenda kununua mwingine nilibeba vipimo vitatu: umbali wa ribiti tatu zinazofuatana ukigawanywa kwa mbili, unene wa viungo vinavyopita kwenye mfereji wa bamba ambalo mnyororo huzunguka juu yake, na idadi ya viungo hivyo. Gurudumu la meno linalouzungusha nililikuta limelika mashimo, nikalibadilisha pia, kwani lingeula mnyororo mpya.