Jinsi nilivyotatua swali la namba mbili zenye jumla K

Swali lilionekana jepesi: umepewa safu ya namba kamili 100,000, je, zipo mbili ambazo jumla yake ni K? Nikaandika lupu ndani ya lupu, yaani kila namba ijaribiwe na kila nyingine, kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Namba 10, jibu papo hapo. Namba 100,000, feni ya laptopu ikaanza kulia na jibu halikuja. Hesabu yenyewe inatisha: ni jozi 4,999,950,000.

Nikafunga laptopu, nikapanda matatu ya Umoja. Konda alidaiwa chenji na watu kadhaa, na kila noti ndogo ilipomfikia alijua mara moja inamwendea nani. Hakuzunguka gari zima akiuliza upya. Nami kwa nini nizunguke?

Usiku nikapitia safu mara moja tu. Kwa kila x, naangalia kama K - x imo kwenye seti, mkusanyo wa namba nilizokwisha kupita. Haimo, naongeza x, nasonga mbele. Seti hutumia heshi, hesabu inayogeuza namba kuwa anwani ya mahali pa kuitafuta, kwa hiyo hata ikijaa, kutafuta humo kwa kawaida hakuchelewi. Memori inaliwa zaidi, lakini nilikubali.

Bado nilijikwaa: nilikuwa naongeza x kabla ya kuangalia, basi K ikiwa 8, 4 ya pekee ikajioa yenyewe. Nikabadilisha nafasi za mistari hiyo miwili. Jibu likatoka kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi.