Nilivyofuatilia asili ya neno la "mia" katika Kifini na Kihungari

Niliposikia kwamba Kifini na Kihungari ni ndugu katika ukoo wa lugha za Kiurali, nilitaka kujionea mwenyewe. Nikachagua namba mia. Wafini husema sata, Wahungari száz, yaani "saaz".

Huenda ni bahati tu, nikajiambia. Basi nikatafuta maneno mengine yenye t kwa Wafini na z kwa Wahungari, nikianzia na ya kila siku. Mkono kwa Kifini ni käsi, lakini shina lake ni käte-. Kihungari ni kéz. Maji ni vesi, shina vete-, Kihungari víz. Ikawa wazi kwamba sauti hizi hubadilika kwa utaratibu, na kwamba neno la mia lilikuwemo kabla t ya Kihungari haijageuka z. Si neno la juzi.

Sasa, Kisanskriti nacho, lugha ya kale ya India isiyo ya ukoo wa Kiurali, husema śatam. Nani alimwazima nani? Hapa ndipo nilipokaa sana, na ndipo palipokuwa patamu. Niliwapanga ndugu wa Kisanskriti mstari mmoja. Kilatini kina centum, ambayo Warumi waliitamka "kentum": k ipo, n ipo. Kigiriki hekaton: n imepotea, k imebaki. Kilithuania šimtas: k imekuwa sh, lakini m imebaki. Kisanskriti kimebadili pote: mwanzoni kuna sauti ya s, na pale penye m au n kuna a tupu.

Sata inayo mabadiliko yote mawili! Kama Waurali ndio wangekuwa watoaji, k na n za Kilatini zingetoka wapi? Neno lilipokelewa likiwa limeshageuka, kutoka kwa wasemaji wa lugha za Kihindi-Kiirani, yaani tawi lenye Kisanskriti na Kiajemi. Wataalamu wengi huwaweka watu hao kwenye nyika za karibu na mto Volga na milima ya Urali, takriban miaka 4,000 iliyopita.

Sisi Waswahili tusishangae: moja hadi tano ni za Kibantu, ila mia na elfu tumezipata kwa Waarabu. Anayetaka kujaribu njia hii aanze na elfu. Wahungari husema ezer, Waajemi hazār, na Wafini wana tuhat, ambayo asili yake ni nyingine kabisa.